Mgeuzeni Mgonjwa: Uvimbe Unaobana Neva ya Bega

Wenzangu, mgonjwa analalamika bega linauma nyuma, ndani kabisa, mahali asipoweza kupagusa kwa kidole. Mmepima kano zote kwa ultrasaundi, nzima. Msiandike ripoti bado. Mgeuzeni awape mgongo.

Neva tunayoitafuta, ya supraskapula, hutoka shingoni, mizizi ya neva ya tano na ya sita ya shingo (C5 na C6). Hupitia pengo lililo juu ya kombe la bega, huhudumia msuli wa suprasipinatasi ulio sehemu ya juu ya kombe, kisha huzunguka ukingo wa mfupa na kuingia pengo la pili, kuelekea infrasipinatasi, msuli ulio chini yake. Hapo pa pili ndipo uvimbe hupenda kukaa. Pete ya gegedu inayozunguka kikombe cha kiungo ikichanika, maji ya kiungo hupenya na kujikusanya, mara nyingi yakawa mazito kama jeli. Neva ikibanwa hapo, infrasipinatasi peke yake ndiyo hudhoofu, na mgonjwa hupungukiwa nguvu ya kuzungusha mkono kwenda nje. Wengine hata hawasikii maumivu, kwa kuwa matawi ya hisia ya kiungo yameshachepuka kabla ya pengo hilo. Wanakuja tu kwa sababu mtu amewaambia bega limebonyea.

Mwambieni aweke kiganja kwenye bega la pili. Wekeni proba, kile kifaa cha ultrasaundi kinachogusa ngozi, chini tu ya mgongo wa kombe, yaani ule ukingo wa mfupa unaojitokeza nyuma ya bega, sambamba nao; fuateni ukingo wa kikombe, kisha sogeeni kidogo kuelekea uti wa mgongo. Kwenye skrini uvimbe huonekana mweusi, kingo zake wazi, na nyuma yake pamewaka.

Sasa mtego. Vena zilizotanuka pengoni humo nazo ni nyeusi. Mimi mwenyewe niliwahi kuziita uvimbe, na aibu yake bado ninayo! Zungusheni mkono wa mgonjwa nje: vena hujaa, uvimbe haubadiliki hivyo. Doppler, kipimo cha mwendo wa damu, nayo iwekeni kwenye kasi ya chini, maana damu ya vena hutambaa.

Msisahau msuli wenyewe. Ulinganisheni na wa upande mzima. Ukiwa mwembamba na umeng'aa kuliko mwenzake, mafuta yameshaanza kuingia.

Msipoona kitu huku dalili zipo, ombeni MRI, picha ya sumaku, ambayo pia huonyesha vizuri zaidi pete iliyochanika. Na mkiombwa kunyonya uvimbe kwa mwongozo wa ultrasaundi, chukueni sindano nene. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba unaweza kujaa tena, maana tundu lililouzaa bado liko wazi.