Jenereta haiwaki? Usikimbilie kufungua kabureta

Karibuni baba na mama, kaka na dada wa Goma. Leo tuko na jenereta ndogo ya esanse (petroli), hizi za kilowati 2 au 3 ambazo vinyozi, watu wa fotokopi na wachaji wa simu wanazitegemea mji mzima. Umeme umekatika, mteja amekaa kitini kichwa kimenyolewa upande mmoja, unavuta kamba, kimya. Basi, acha kuvuta. Kila unapoendelea unamwaga esanse zaidi ndani ya silinda, na ugonjwa unabaki palepale.

Toa mashine nje. Siyo mlangoni, nje kabisa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na dirisha lililo wazi halitoshi kukuokoa. Ninyi wa Himbi na Kyeshero, karibu na ziwa, msiifiche kwenye shimo kwa kuogopa wezi: mazuku, ile gesi ya volkano isiyoonekana inayoua, hukaa mahali pa chini, mnajua. Jiko la makala lisogezwe mbali, na asiwepo mtu wa sigara.

Sasa angalia imekaa vipi. Viwanja vyetu vingi ni mawe ya lava, mashine inainama upande bila wewe kutambua. Nyingi zina kifaa kinachopima mafuta ya mota. Mafuta yakipungua, au mashine ikiinama tu, kifaa hicho kinakata moto wa buji, ile plagi inayotoa cheche. Utavuta mpaka jioni. Iweke pasawa, chomoa kijiti cha mafuta, kifute, kirudishe, kitazame. Mafuta yafike karibu na mdomo wa tundu. Mota za ukubwa huu hubeba kama nusu lita na kidogo, kwa hiyo upungufu mdogo tu unatosha kuizima. Vile vijenereta vidogo vinavyochanganya mafuta ndani ya esanse havina kijiti hiki, ninyi mpite. Na kabla ya kuendelea: swichi iko ON? Robine (koki) ya esanse imefunguliwa? Usione aibu kuangalia.

Tuje kwenye esanse yenyewe. Hapa ndipo naomba mtulie, kwa sababu mimi nikiletewa jenereta iliyokataa kuwaka, naanzia hapa. Tunanunua kwa kadhafi, wauza esanse wa barabarani, kwenye chupa na bidoni, na bidoni ile imepigwa na jua na mvua. Maji yakiingia hayachanganyiki na esanse. Ni mazito, yanashuka chini, na chini ndiko mota inakonyonya. Chukua chupa safi inayoonyesha ndani. Chini ya kabureta, pale esanse inapochanganywa na hewa, kuna kikombe, na kwenye kikombe kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, kinga chupa, acha itiririke, kisha funga. Iache chupa itulie. Ukiona mstari, juu rangi ya esanse na chini maji meupe, umeshampata adui. Mwaga tangi lote, weka esanse mpya uliyoichuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ikiwa inanuka kama rangi ya zamani, imekaa miezi, hiyo pia mwaga. Ikiwa hakuna tone linalotoka ingawa robine iko wazi, tatizo liko kwenye robine au kichujio cha tangi, wala hujafika kwenye kabureta bado.

Esanse ni nzuri? Fungua buji. Kwanza futa vumbi kuzunguka shina lake, lisidondoke ndani. Sasa isome. Kavu kabisa baada ya kuvuta sana: esanse haifiki. Imelowa: esanse inafika, moto haupo au mota imezama kwa esanse nyingi. Ikiwa imezama, funga robine, zima swichi, vuta kamba mara chache tundu likiwa wazi, kausha buji na uirudishe. Nyeusi yenye masizi: hewa ni kidogo. Hii tunaiona sana hapa, kwa sababu Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini inatoa esanse nyingi kuliko inavyohitajika. Sugua kwa mswaki wa waya, pima pengo lake, milimita 0.7 hadi 0.8.

Kupima moto, kausha kwanza esanse yote iliyomwagika. Chomeka buji kwenye kofia yake, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, chuma chake kiguse mwili wa mota mbali na tundu, mwenzio avute. Cheche ya buluu, sawa. Hakuna cheche? Jaribu buji mpya kabla ya kulaumu koili inayoipa buji umeme.

Halafu filta ya hewa. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ni kali kama msasa, linaziba sponji na likipita linakula silinda. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, dondoshea mafuta ya mota, kamua. Kamwe usiwashe bila filta.

Ni sasa tu unaruhusiwa kushuka kwenye kabureta. Funga robine, ondoa kikombe, toa jikleri, ule msumari wa shaba wenye tundu jembamba. Uinue kwenye mwanga. Usipoona mwanga umeziba. Tumia unyuzi mmoja laini wa waya wa umeme, usitumie sindano, itapanua tundu.

Rudisha vyote, fungua robine, vuta choki, ule mkono unaopunguza hewa wakati wa kuwasha. Kamba ivutwe polepole hadi ikaze, kisha vuta kwa nguvu. Ikiwa haikazi popote, mota haibani hewa: valvu au ringi, mpelekee fundi. Ikiwaka, rudisha choki taratibu, subiri itulie ndipo uchomeke mashine ya kunyolea. Na usiibebeshe watt zote zilizoandikwa: kwa mwinuko huu wa Goma inapoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu.

Siku ukijua utaiweka wiki nyingi bila kazi, funga robine huku inaunguruma, uiache izime yenyewe, kikombe kibaki kikavu.