Miguu Kwanza, Raketi Baadaye

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa rika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie tenisi, na nyuso za baadhi yenu zinaniuliza: sisi na tenisi, wapi na wapi? Mtu amestaafu bandarini, ana presha, goti linamsumbua, leo aambiwe ashike raketi.

Hapa Tanga mazoezi si jambo geni. Mzee anapanda baiskeli yake Ngamiani, huyo mpaka Raskazone na kurudi, wala hajioni kama amefanya mazoezi. Moyo na mapafu yanamshukuru. Ila baiskeli inakwenda mbele tu, na kutembea ni vivyo hivyo. Sasa jiulizeni watu wa umri wetu huanguka wakati gani. Ni pale mtu anapogeuka bafuni, anapokwepa ndoo, anapoitwa kwa nyuma. Mwili unataka kuzoeshwa kwenda upande, kusimama ghafla, kugeuka. Na tenisi ndiyo hiyo hiyo, mwanzo mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya usawa wa mwili, yaani kutoyumba, na ya nguvu angalau siku 3. Hizo siku 3 ndizo tunazozisahau.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Copenhagen, Denmark. Wacheza tenisi walionekana kuishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Waendesha baiskeli, 3.7. Tafadhalini, msitoke hapa mkitangaza kuwa raketi inaongeza miaka kumi! Huenda wanaocheza tenisi kule wana uwezo wa fedha kuliko wengine, na wenye afya ndio wanaoweza kucheza. Mimi linalonivutia ni kwamba tenisi huchezi peke yako. Ukiahirisha kutembea, nani atakuuliza? Lakini wanne wakipanga mchezo, mmoja asipofika watatu wamekwama. Watakufuata mpaka barazani.

Kwa hiyo anzeni na mchezo wa wawili kwa wawili. Uwanja una urefu wa mita 23.77, na upande wenu mnagawana. Wiki za mwanzo simameni karibu na wavu, mtumie mipira laini ya kufundishia. Ile ya rangi ya chungwa kasi yake ni kama nusu ya mpira wa kawaida. Msidhani mipira hiyo ni ya watoto tu.

Jambo moja nawaomba mlishike kuliko yote. Mpira ukirushwa juu, ukapita kichwani, usirudi kinyumenyume. Macho yako juu, visigino vinarudi nyuma, kiwiliwili kinachelewa: hapo ndipo mtu anapoangukia mgongo, akatafutiwa gari la kwenda hospitali ya Bombo. Geuza bega kwanza, kisha nyonga, miguu ifuate, ukimbie ukiwa umegeuka. Umechelewa? Uache. Pointi moja hainunui nyonga.

Raba nazo ziangalieni. Za kukimbilia zina soli laini, nene, zimetengenezwa kwa kwenda mbele. Ukikata kona kifundo kinapinduka. Tafuteni yenye soli bapa, pana.

Wenye kisukari, hasa mnaochoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari, zungumzeni na daktari kabla, mpime kabla ya kucheza, na tende mbili tatu zisikose mfukoni. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, acha papo hapo. Usisubiri seti iishe. Na joto letu hili la pwani mnalijua: alfajiri, au baada ya saa kumi jioni. Mnaotoka jasho jingi, kunyweni maji kabla kiu haijawauma.

Raketi nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa watu huanza nayo. Chukua nyepesi kiasi, ya gramu 270 hivi, kichwa kikubwa, nyuzi zisikazwe mno. Kiwiko kitakuwia radhi. Ikikosekana, azima, kapige ukutani kwanza.

Haya, kuna mkono umeinuliwa kule nyuma tangu nilipotaja sukari. Karibu, bibi, uliza.