Kutoa miche ya dalia barazani hadi bustanini, hapa Kisoro, Uganda

Karibuni tena bustanini, sebo na nyabo. Leo ni zamu ya dalia. Watazamaji wa pwani msicheke, siyo ile dalia ya kujipaka. Nasema ua hili hapa, lenye petali zilizopangana kama vigae vya paa.

Kuna jambo linawachanganya wengi, wacha nianze nalo. Mafunzo mengi ya dalia mtandaoni yametengenezwa Uingereza au Marekani. Wanakwambia anzisha miche ndani, ngoja majira ya kuchipua, barafu ya usiku ikiisha ndipo uitoe nje. Sisi mjini Kisoro barafu tunaiona kwenye friji, au siku ya mvua ya mawe. Basi mimi nikaona habari ya kuzoesha miche hainihusu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuza miche kumi na minne barazani, mizuri, majani mapana. Nikaihamisha bustanini saa sita mchana, tena nikajipongeza. Kufikia saa kumi majani yalikuwa meupe kama karatasi ya daftari. Ilipona mitatu.

Kilichoiua ni jua. Tuko karibu mno na ikweta, na jani lililokulia kivulini ni jembamba, halijui jua la saa sita. Kwa hiyo yale maelekezo ya Wazungu yanafaa, ila wao wanaizoesha baridi na sisi tunaizoesha jua. Na badala ya majira ya kuchipua, sisi tunafuata mvua: za Machi, au za Septemba. Anza viazi vya dalia barazani kama wiki sita kabla ya mvua unayoilenga.

Haya, sogeza kamera. Hiki ni kiazi cha dalia. Hapa kwetu kila mtu amelima viazi ulaya, na ndiyo maana tunakosea. Kiazi ulaya kina macho mwili mzima, ukikikata vipande vitatu kila kipande kinaota. Dalia haiko hivyo. Jicho lake liko shingoni tu, hapa panapoungana kiazi na shina la zamani. Mnaona kinundu hiki chekundu-chekundu, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti? Ndilo lenyewe. Hiki kingine ni kinono kama muhogo, lakini kimevunjika shingo. Hakitaota, kitakaa ardhini mpaka kioze. Ukienda kununua, achana na unene, kagua shingo.

Chombo changu ni jerikeni ya lita tano ya mafuta ya kupikia, nimeikata katikati na kutoboa matundu sita chini kwa msumari wa moto. Changanya udongo wa juu makopo mawili, samadi iliyooza kopo moja, mchanga kopo moja. Loanisha, kisha kamata konzi moja uikamue. Ikishikamana bila kudondosha maji, inatosha. Laza kiazi, jicho lielekee juu, kifunike kwa udongo wa vidole vitatu.

Sasa weka kopo la maji mbali, ikiwezekana mpe jirani. Kiazi ambacho hakijachipua hakina mizizi ya kunywea maji, na akiba yake ya maji iko ndani mwake. Ukimwagilia kila asubuhi kwa mapenzi, unakiozesha. Subiri chipukizi litokeze, wiki mbili hadi nne, ndipo umwagilie kidogo kidogo.

Miche hii mnayoiona ina jozi tatu za majani, iko tayari kuanza safari. Mimi naipa siku kumi. Siku mbili za kwanza naitoa saa moja asubuhi, nairudisha saa tatu. Siku ya tatu na ya nne inakaa mpaka saa nne. Siku ya tano mpaka ya saba, hadi saa tano na nusu, halafu naisogeza chini ya mparachichi ipate jua la madoadoa. Ya nane na ya tisa inashinda juani, usiku narudisha. Siku ya kumi inalala nje.

Lakini nyinyi mnaijua Kisoro. Kuna asubuhi ukungu unashuka kutoka mlima Muhabura na hauondoki mpaka saa nne. Siku hiyo mche haujapata jua lolote, kwa hiyo usiihesabu. Niliwahi kupata siku tatu mfululizo za mawingu, nikadhani miche imekomaa. Siku ya nne jua likawaka, nikarudi kule kule kwenye karatasi ya daftari.

Njoo karibu uone jani. Hili la chini lilikulia barazani: laini, rangi hafifu. Hili la juu limetoka wiki hii likiwa nje: limekaza na rangi imekolea. Ukiligusa unasikia tofauti. Mche ukilegea mchana na kusimama tena jioni, usiogope, ni kawaida. Jani likitoa mabaka meupe, hilo limeungua. Rudisha mche kivulini siku mbili, kisha endelea kwa ratiba ya nyuma.

Kupanda ni jioni, kuanzia saa kumi na moja, mvua ikishalowanisha ardhi. Udongo wetu mweusi wa volkano hautuamishi maji, ni bahati yetu. Walio kwenye mfinyanzi wainue tuta, maana mvua za Aprili hazina huruma. Dalia ni mtoto wa milima ya Meksiko, ambako ni ua la taifa tangu 1963, kwa hiyo usiku wetu wa baridi unaifaa sana. Nyinyi wa Gulu na Arua, kwenye joto, itafutieni mahali penye kivuli cha alasiri.

Achia sentimita sitini kutoka shimo hadi shimo. Fito inatangulia, mche unafuata. Ukichomeka fito baada ya mwezi unakipasua kiazi usichokiona. Natumia fito kavu za mkalitusi. Rafiki yangu wa Masaka alitumia fimbo mbichi za mutuba, zikaota. Maua yamekwisha, miti anayo.

Toa mche na udongo wake wote, uteremshe mpaka shingo ya kiazi iwe kama sentimita kumi chini ya ardhi, jaza, bonyeza kwa kiganja. Samadi konzi mbili zinatosha. Ukizidisha utapata kichaka kizuri cha majani na ua moja. Funga shina kwenye fito kwa kamba ya mgomba, mduara ulegee kiasi cha kupitisha kidole.

Usiku wa kwanza adui ni koa, yule konokono asiye na gome. Majivu yanamzuia kukiwa kukavu, mvua ikinyesha yanakuwa uji tu. Mimi nafukia kisosi chenye mabaki ya pombe ya mtama, mdomo wake sawa na ardhi. Wanakuja kunywa wanazama. Kuna watu nyumbani kwangu wanaolalamikia matumizi hayo.

Jozi ya nne ya majani ikifunguka, kata kilele. Hapa, juu kidogo ya jozi hiyo, kwa ukucha. Najua inauma kukata mche uliousumbukia hivyo, lakini usipoukata unapanda kama mlingoti na ua moja kileleni. Ukiukata, kila kikwapa cha jani kinatoa tawi. Na maua yakija, yakate asubuhi yakiwa yamefunguka kabisa, kwa sababu dalia ikikatwa ikiwa tumba haifunguki kwenye chupa.

Nilitaka kuwaonyesha kugawa viazi vya msimu uliopita pia, lakini tazameni kule nyuma yangu. Muhabura umeshavaa wingu, na wingu la rangi hiyo huwa lina mawe. Mshika kamera, weka simu chini, nisaidie na vikapu. Hii miche sita ya mwisho ina siku mbili tu bustanini. Anza na ule wa pembeni.