Banda la Nani? Mtengeneza Gemu na Mwenye Konsoli Siku ya Maonesho

Marahaba, marahaba. Kaeni. Aliyefungua dirisha lile la nyuma alifunge tafadhali, huu ni mwezi wa saba na tuko Mbeya, hatuko Kyela.

Nimeombwa nizungumzie namna watengeneza gemu wanavyochagua mwenye konsoli, yaani kampuni yenye mashine ya kuchezea gemu, wa kwenda naye kwenye maonesho. Mwenyekiti ameniandalia karatasi yenye vipengele saba. Nikifika cha tatu nimshukuru Mungu. (Kicheko.) Wanaonifahamu wanajua nina wimbo mmoja tu, basi niuimbe mapema: msimtafute mwenye jina, mtafuteni mwenye pengo. Siku ile ya maonesho, nani asipokuwa na gemu yako ataaibika? Huyo ndiye wako. Mengine yote ni fulana na maji ya chupa.

Haya, kisa changu cha Nane Nane, na waliokwisha kukisikia wavumilie. Tulikuwa watatu, tumetengeneza gemu ya bajaji. Unatoka Kabwe, unapakia abiria, unapita Mafiati bila kukamatwa na trafiki, ukifika Uyole na abiria wote wazima umeshinda. Gemu ilikuwa nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema, na mtaona kwa nini.

Maonesho hayo ya wakulima, pale viwanja vya John Mwakangale, yakakaribia, tukaletewa ofa mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wauzaji wa simu, siwataji, wanajijua. Banda lao lilikuwa kubwa kama kanisa, spika nne, MC kutoka Dar. Wakasema, njooni, tutawapa kona, fulana tatu na chakula cha mchana. Ya pili ilitoka kwa fundi wa kompyuta wa Soweto. Soweto ya hapa Mbeya, jamani, kuna mgeni nimemwona ameshtuka. Fundi alikuwa na turubai, meza mbili na skrini mbili. Akaniambia, "Mdogo wangu, skrini ninazo, cha kuwaonesha watu sina. Leteni kitu chenu." Tulimcheka. Usoni hatukumcheka, tulimcheka njiani tukirudi.

Tukaenda kwa wenye spika. Siku nane. Simu waliyotupa kuweka gemu ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa, kwa sababu ndiyo iliyojaa stoo kwao. Wameifunga mnyororo mezani kama mbuzi. Bajaji ikikata kona, simu inaganda, abiria wanabaki hewani. Ukipata mtu mmoja ameanza kunogewa, MC anapaza sauti kutangaza punguzo, mtu anageuka, anakwenda kupanga foleni ya zawadi. Walipita watu kwa mamia mbele yangu, na karibu wote waliniuliza swali moja: "Kaka, kofia bado zipo?"

Siku ya sita nikatoka kununua hindi la kuchoma, nikapita kwa fundi. Watoto wamepanga mstari mpaka mbele ya banda la mbegu za viazi. Zile skrini alikuwa amempa kijana wa kidato cha tatu kutoka Iyunga aliyetengeneza drafti. Drafti ya kawaida! Tena mbaya, rangi zake zinaumiza macho. Lakini fundi amesimama juu ya kreti la soda, anamtaja yule kijana jina lake, shule yake, na kwamba hajafundishwa na mtu, kama mpiga debe wa stendi anayejaza gari la mwisho. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu bila yule mtoto fundi hakuwa na banda. Alikuwa na turubai.

Hindi lenyewe sikulimaliza.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mzee huyu ameitiwa PlayStation na Xbox anatuletea hadithi za kreti la soda. Nakuja. Los Angeles walifanya vilevile, ila kreti lao lilikuwa ghali zaidi.

Mei 1995, E3 ya kwanza kabisa, yale maonesho makubwa ya gemu. Sega walikuwa wameshatangaza kwamba Saturn, konsoli yao mpya, itaingia madukani Marekani tarehe 2 Septemba. Kila mtengeneza gemu aliyekuwa upande wao amehesabu miezi yake kufika hapo. Kwenye maonesho, Tom Kalinske wa Sega akapanda jukwaani, akasema mashine ni dola 399, na imeshafika madukani. Leo hii. Siku hizi watu huisimulia kama ujanja uliofeli wa bei na maduka, na ni kweli maduka yasiyopewa yalinuna, KB Toys wakaacha kabisa kuuza vitu vya Sega. Mimi nawafikiria wengine. Gemu zilizokuwapo siku ile zilikuwa sita, zote zimetolewa na Sega wenyewe. Wewe mtengeneza gemu wa nje, uliyejipanga kwa Septemba, umefanya nini? Hujafanya kitu. Ni kama umealikwa kupika kwenye harusi ya Jumamosi, unaamka Jumanne unakuta wageni wameshaketi na bibi harusi amevaa. Mwenye shughuli hakukuambia, kwa sababu kwenye hesabu zake hukuwamo.

Siku hiyohiyo ikafika zamu ya Sony. Steve Race akapanda, akataja namba moja: 299. Akashuka. Watu wanaipenda hii kwa sababu ya dola mia iliyopungua. Hiyo ni sawa. Lakini tazameni Sony mwaka ule walikuwa nani. Wageni kabisa. Hawakuwa na Mario wa Nintendo wala Sonic wa Sega. Walikuwa na skrini mbili na meza mbili! Kwa hiyo walikwenda kuwabembeleza watengeneza gemu wa nje mmoja baada ya mwingine. Namco, waliokuwa wakishindana na Sega kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu, wakaleta Ridge Racer, na ikawa miongoni mwa gemu za siku ya kwanza PlayStation ilipoingia Marekani tarehe 9 Septemba. PlayStation ile iliuza zaidi ya milioni 100. Saturn iliishia kama milioni 9. Namco hawakuchagua mkubwa, maana wakubwa wakati huo walikuwa Sega na Nintendo. Walichagua fundi wa Soweto.

(Makofi.) Hapana, msipige makofi, nitajisahau nianze upya.

Pengo hilo linahama. Msidhani ukishalijua umelijua. Mwaka 2008 mwenye pengo alikuwa Microsoft: Xbox 360 yao inauza Marekani, lakini wapenzi wa gemu za Kijapani, zile ndefu za kusimulia, hawaioni kama nyumba yao. Sasa Final Fantasy XIII ilikuwa imetangazwa mwaka 2006 kama gemu ya PlayStation 3. E3 ya 2008, Square Enix, wenye gemu hiyo, wakapanda kwenye jukwaa la Microsoft, si la Sony, wakatangaza kwamba itatoka kwenye Xbox pia. Ukumbi ukalipuka. Gemu ileile ingetajwa kwa Sony siku ile, watu wangeitikia kwa kichwa tu, wanaijua. Thamani yako hupanda pale ambapo hukutarajiwa.

Sasa mbishi wangu, huwa yupo kila mhadhara, atasema: mbona wenye Call of Duty, ile gemu ya vita, walimfuata mkubwa? Kweli kabisa. Kuanzia 2010 Activision, ndio hao wenye gemu, walikuwa na mkataba na Microsoft, ramani mpya zinatangulia Xbox. Mwaka 2015, PlayStation 4 ikiwa imeshaiacha Xbox One nyuma, wakahamia jukwaa la Sony. Walifuata wanunuzi. Lakini Call of Duty ni ng'ombe, wewe ni kifaranga. Ukiwa na Call of Duty wewe mwenyewe ndiye banda, mwenye konsoli ndiye anayeomba kona. Microsoft mwishowe walichoka kuomba wakainunua kampuni nzima, mwaka 2023. Mkifika hapo nipigieni, tutabadilisha mhadhara.

Mbishi wa pili anasema hela. Anayetoa hela nyingi ndiye mshirika, porojo za nini? Haya, hela. Agosti 2014, kwenye maonesho ya Cologne, Ujerumani, Microsoft wakatangaza kwamba Rise of the Tomb Raider itakuja kwenye Xbox peke yake. Walioizoea kwenye PlayStation wakapiga kelele kiasi kwamba ikabidi waelezwe kuwa upekee huo una muda. Gemu ikatoka tarehe 10 Novemba 2015, siku ileile iliyotoka Fallout 4. Konsoli yenye watu wachache, siku yenye mpinzani mkubwa. Kwenye PlayStation 4 ikafika Oktoba 2016, karibu mwaka mzima baadaye. Malipo watengenezaji walipata, sibishi, na kuna siku utahitaji malipo ili mshahara utoke. Ila unapohesabu malipo, hesabu na wale walioipenda gemu yako wakasimama mlangoni mwaka mzima. Baadhi yao wameshaondoka.

Nataka niseme kidogo juu ya hatari ya jukwaa kubwa kwa mtu mdogo, halafu nikimbie. Hello Games, vijana wachache wa Guildford, Uingereza. Walionesha No Man's Sky kwa mara ya kwanza Desemba 2013. Mkesha wa Krismasi uleule mafuriko yakaingia ofisini kwao. Juni 2014 wakawa kwenye jukwaa la Sony kule E3, ulimwengu mzima unatazama, sayari zisizohesabika. Ni ndoto ya kila mmoja wenu, nawaona. Lakini tangu siku ile mnunuzi hakuiona tena kama kazi ya vijana wachache. Aliiona kama gemu ya Sony, akaipimia kwa mizani ya Sony. Si mnajua mchele? Nenda Dar, kila gunia ni Kyela, hata lililotoka kwingine, na likiwa na mawe anatukanwa mkulima wa Kyela. Ilipotoka Agosti 2016 watu wakahesabu kisichokuwamo. Hasira ile! Mpaka mamlaka ya matangazo ya Uingereza ikapelekewa malalamiko, ikachunguza, ikaona hawakudanganya. Nawaheshimu kwa walichofanya baadaye: wakanyamaza, wakafanya kazi, wakaongeza vitu bure mwaka baada ya mwaka mpaka gemu ikapendwa. Ila mwulizeni yeyote wa hapa, ana akiba ya kunyamaza miaka miwili?

Muda. Mwenyekiti ananionesha saa, nami nimemwona, nilikuwa najifanya sioni.

Kipengele cha nne, mkataba: someni mstari wa muda na mstari wa "konsoli nyingine usizitaje". Mara nyingi unachouza si gemu, ni kimya chako. Kuweni na bei ya kimya. Cha tano, mashine itakayochezewa bandani iandikwe kwa jina na toleo, mimi nimeshawaambia habari ya simu ya mnyororo. Cha sita naruka.

Cha saba siruki. Mnasema sisi wa Mbeya tunatengeneza gemu za simu, konsoli inatuhusu nini? Nendeni vibanda vya PS pale Mwanjelwa, mwulizeni kijana anayeendesha amefungua akaunti ya nchi gani. Atakwambia Marekani, au Afrika Kusini. Ya Tanzania haimo kwenye orodha. Mwaka 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wafungue akaunti ya PlayStation, wachezaji wakagoma, Sony wakarudi nyuma. Ila kabla vumbi halijatulia gemu ilikuwa imeondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi na maeneo 177, nyingi za Afrika. Waliotengeneza gemu ile ni Waswidi, Arrowhead, na nchi 177 hawakuzifunga wao. Kwa hiyo ukimchagua mwenye konsoli umechagua pia ni nani atakayeruhusiwa kuinunua, na huenda mama yako asiwemo.

Halafu msiningoje niwaelekeze E3, imekufa. Wenyewe waliizika rasmi Desemba 2023. Nintendo walikuwa wameshaacha mkutano wa jukwaani tangu 2013, wanatoa video zao wenyewe. Sony hawakuonekana kuanzia 2019. Siku hizi jukwaa ni la mwenye konsoli mwenyewe, kwenye video yake, kwa dakika zake. Maana yake pengo lake unalijua kwa kutazama video zake mbili tatu za nyuma na kuhesabu kilichokosekana: hakuna gemu ya watoto, hakuna ya watu wawili kwenye kochi moja, hakuna ya mpira isiyo EA FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA. Kaa na kalamu. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja.

Yule fundi bado yupo Soweto, kwa anayeuliza. Ana skrini sita sasa. Mwaka juzi nilimpelekea ile gemu ya bajaji, nimeirekebisha, haigandi. Akaicheza mpaka Uyole, abiria wote wazima, akaniambia ni nzuri sana, ila Nane Nane hii ameshajaza.

(Kicheko.) Ndaga fijo, asanteni sana. Kijana wa sweta la kijani umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Namco, uliza kabla mkono haujafa ganzi.