Mario Golf: Super Rush kwenye Switch, jinsi ya kuupeleka mpira unapotaka wewe

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunacheza gofu, na tafadhali usikimbie kwa sababu umesikia gofu, hii ni Mario Golf: Super Rush ya Nintendo Switch, imetengenezwa na Camelot, wale Wajapani ambao gemu za gofu za Mario ndo kazi yao tangu zamani, hii ilitoka Juni 2021, na humu ndani unakuta Wario anawashushia wenzake radi na Yoshi anageuza mipira ya watu kuwa mayai. Ni gemu ya kucheka kabisa. Ila mtu mpya akiishika anapata shida kweli, anapiga mpira unaingia majini, anapiga tena unaingia mchangani, anasema gemu mbovu anaizima. Gemu sio mbovu, kuna kitu kimoja tu hajaonyeshwa, na video yote ya leo ni kwa ajili ya hicho kitu: angalia mpira umelala wapi KABLA hujagusa kitufe cha A.

Haya, washa Switch yako, mimi natumia hivi hivi mkononi bila tivii. Ingia Standard Golf, hiyo ndo gofu ya kawaida, achana na nyingine kwanza, tutafika. Mchezaji chukua Mario, yeye hana makuu, kila kitu cha wastani, ukichukua Bowser leo utafurahi mpira ukienda mbali alafu utalia kuurudisha njiani, yaani pale penye majani yaliyokatwa vizuri. Uwanja chagua Rookie Course, mashimo weka 3 tu, usijitie kucheza 18 siku ya kwanza, utachoka bure.

Sasa tuko uwanjani. Usipige. Narudia, usipige! Angalia skrini vitu vitatu. Cha kwanza umbali mpaka kwenye bendera, pale shimo lilipo. Cha pili upepo, kuna mshale na namba, mshale unakwambia upepo unaelekea wapi na namba inakwambia una nguvu kiasi gani, kama unavuma kulia basi wewe lenga kushoto kidogo, uache upepo wenyewe uurudishe mpira. Cha tatu ni pale mpira ulipo, ni majani yaliyokatwa vizuri, majani marefu au mchanga? Hiki cha tatu watu wote wanakiruka na ndo kinawamaliza.

Kwa nini? Njoo tuangalie geji, kile kipimo cha nguvu ya pigo. Hii hapa pembeni ya mchezaji, imesimama wima. Ukibonyeza A mara ya kwanza alama inaanza kupanda, ukibonyeza A mara ya pili unakamata nguvu, hapo umeshachagua mpira uende mbali kiasi gani. Rahisi. Lakini itazame vizuri ile sehemu ya juu ya geji, nasogeza kamera hapa muone, unaona inavyotanuka? Mpira ukiwa sehemu nzuri hapo juu pananyooka, huna wasiwasi, jaza mpaka juu. Mpira ukiwa kwenye majani marefu au mchangani ile sehemu inakuwa pana, na ukikamata nguvu humo ndani mpira unaweza kwenda popote, kushoto, kulia, gemu inaamua yenyewe, wewe huna usemi. Kwa hiyo ukiwa sehemu mbaya kamata nguvu chini ya pale panapoanza kutanuka. Utapoteza umbali ndio, ila mpira utakaa njiani, na mpira ulioko njiani una thamani kuliko mpira uliokwenda mbali ukazama, maana ukizama majini unaongezewa pigo la adhabu juu yake.

Kuna na hii ya mteremko. Ukisimama kwenye ardhi iliyoinama utaona geji yenyewe imepinda, sio skrini mbovu jamani, inakuonyesha mpira utakavyopinda ukiondoka. Imepinda kulia, lenga kushoto. Mi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote walichofanya kwenye gemu hii, maana huhitaji kujua gofu ya kweli, unatazama geji tu inakueleza ardhi ikoje.

Twende hatua inayofuata, kupinda kwa makusudi. Ukishakamata nguvu, kuna alama nyingine inapanda toka chini kufuata ile ya kwanza, hapo katikati una nafasi fupi ya kusogeza stiki ya kushoto. Ukiisogeza kulia mpira unapinda kulia, na unaweza hata kuanza kulia ukamalizia kushoto mpira ukatembea kama nyoka. Tazama hapa kuna mti mbele yangu, napeleka mpira pembeni ya mti alafu unarudi wenyewe kwenye njia. Umeona hiyo! Fanya taratibu lakini, stiki ukiivuta mpaka mwisho mpira unapotea, gusa kidogo tu uone ulivyofanya ndo uongeze.

Spini, yaani kuuzungusha mpira, nayo ni fasta. Pale pa kukamata nguvu, ukibonyeza A mara mbili haraka mpira ukitua unakimbia mbele, ukibonyeza B badala ya A mpira ukitua unasimama au unarudi nyuma. Mbali na bendera tumia A mbili, karibu na bendera tumia B, hasa kama nyuma ya griini, yale majani mafupi kabisa yanayozunguka shimo, kuna maji au mchanga. Basi.

Griini sasa. Hapa gemu inakubadilishia fimbo yenyewe, inakupa ile ya kusukumia, na pigo linakuwa dogo. Tatizo watu wanalenga shimo lenyewe. Angalia ardhi kwanza, inapanda au inashuka? Inapanda ongeza nguvu kidogo, inashuka punguza sana, yaani punguza zaidi ya unavyofikiri, maana mpira ukilipita shimo kwenye mteremko unashuka nao mpaka chini kabisa na umeanza upya. Kama inainama kwa pembeni lenga upande wa juu uuache ushuke wenyewe kwenye shimo.

Ukishazoea hayo mashimo 3 ndo uingie Speed Golf, na hapa ndo raha yenyewe ilipo. Wote mnapiga kwa wakati mmoja alafu mnakimbia kwa miguu kufuata mipira yenu, saa inahesabu, na kila pigo linakuongezea sekunde 30 kwenye muda wako. Sekunde 30 ni nyingi mno, ndo maana yule anayekimbia kama kichaa na kupiga hovyo anafungwa na anayetulia akapiga mapigo machache. Kimbia ndio, ila angalia pumzi, ikiisha unatambaa, kwa hiyo pita kwenye ile mioyo iliyotapakaa uwanjani inakurudishia. Ukifika kwenye mpira, simama, angalia geji, ndo upige. Na ukiona Luigi yuko karibu na griini kaa tayari, pigo lake maalumu linagandisha ardhi kuwa barafu, watu wote wanateleza na mipira inateleza.

Kama una wageni nyumbani, Standard Golf mnaweza kucheza hadi watu 4 kwenye Switch moja mkipokezana zamu, haihitaji hata intaneti, na hiyo ndo njia nzuri ya kumfundisha mdogo wako, mpe zamu yake na umwache alenge mwenyewe, usimshikie stiki.

Viwanja vingine utakutana navyo kadri unavyoendelea, Balmy Dunes ni jangwa mchanga kila mahali, kwa hiyo ile sehemu pana ya geji utaiona mpaka uiote usiku, na kule Bowser Highlands kuna moto. Kabla ya kwenda huko rudi Rookie Course, peleka mpira kwenye majani marefu kwa makusudi, alafu jaribu kuutoa na nguvu nusu. Ukiweza kuutoa ukakaa njiani mara kadhaa mfululizo, funga mkanda twende Balmy Dunes, video yake ndo inayofuata.