Kuhesabu Viatu Mlangoni: Mazungumzo na Mafundi wa Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Shikamooni wazee wangu wa mbele. Nawaona mafundi wa kabureta mmekuja kutusikiliza tusije tukadanganya watoto. Karibuni sana, maana nyinyi mlikuwa mnatuni injini kwa sikio na bisibisi wakati sisi tunatumwa kununua chai.

Mji wetu ndio ule wa waja leo waondoka leo. Sasa hiyo Toyota Celica nyekundu iliyoegeshwa hapo nje ilikuja gerejini kwangu Novemba, ikaondoka Machi. Watu wanadhani kufunga kontrolboksi ya kununua, ile kompyuta inayoamuru mafuta na moto wa injini, ni kukaa na laptopu mapajani, kubonyeza namba, gari linaruka. Laptopu ilikula siku tatu tu. Miezi iliyobaki ilikwenda kwenye waya, na huko kwenye waya ndiko nataka tukae leo.

Gari lenyewe ni GT-Four, ST185. Wapenda rali mnalijua: mwaka 1992 Carlos Sainz alishinda Safari nalo, na 1993 akashinda Juha Kankkunen, Celica zikashika nafasi 4 za kwanza. Injini ni 3S-GTE, cc 1998, ya turbo, na nozeli zake za kupulizia petroli kila moja inamwaga kama cc 440 kwa dakika. Mwenyewe alikuwa ameshaweka turbo kubwa zaidi kabla hajaniletea. Ndivyo mnavyofanya: mnaoa kwanza, mahari mnakuja kuulizia baadaye.

Kontrolboksi ya kiwandani si mbovu, tuelewane. Ila kwenye injini hii inapima hewa kwa kimlango chenye springi. Hewa inapita, kimlango kinasukumwa, na kidole cha shaba kinateleza juu ya njia ya kaboni kuiambia boksi kimefunguka kiasi gani. Baada ya miaka 30 ile njia imelika, na kimlango chenyewe kinaizuia turbo mpya kupumua. Halafu presha ikizidi kiwango cha kiwandani, boksi inakata mafuta, unahisi kama umegonga ukuta. Na namba zote zimechomwa ndani tangu Japani, kwa petroli ya kwao yenye oktani ya karibu 100. Huwezi kuifungua ukaibadilisha kwa laptopu. Kwa hiyo tukaweka boksi nyingine. Ziko za Haltech kutoka Australia, Link kutoka New Zealand, na iko MegaSquirt ambayo wengine wanaiunga wenyewe kwa lehemu mezani. Leo sitabishana ipi bora. Nimeona boksi ya bei mbaya ikiua injini na ya kuungwa mezani ikitembea miaka.

Sasa tukitoa kile kimlango, hewa inapimwa na nini? Haipimwi. Inakisiwa. Boksi inachukua presha ndani ya manifoldi, joto la hewa na kasi ya injini, inakwenda kwenye jedwali, inasema humu ndani kuna hewa kiasi fulani, basi nifungue nozeli kwa muda fulani. Ni kama mtu aliyekaa nje ya msikiti akahesabu viatu mlangoni, akasema ndani wako watu 40. Hajaona mtu hata mmoja! Mtoto akificha jozi mbili, hesabu imeharibika, na mhesabuji ana uhakika ule ule.

Nianze na kiatu kidogo. Sensa ya joto la maji. Ikipata moto ukinzani wake unashuka: kwenye nyuzi joto 20 utakuta kama omu 2,500, kwenye 80 utakuta kama 300. Nilichemsha maji kwenye sufuria, nikaitumbukiza na kipimajoto na mita, iko sawasawa. Nikairudisha kwenye gari. Injini imepata moto, kipimajoto changu kinasema 80, laptopu inasema 60. Nikabadilisha sensa: bado 60. Nikafungua soketi, na nyinyi wa Raskazone mshaanza kucheka, maana mnaijua ile kutu ya kijani ya hewa ya bahari. Ile kutu ilikuwa imeongeza omu 300 nyingine juu ya 300 za haki. Jumla 600, na 600 kwa boksi ni nyuzi 60. Kwa hiyo boksi inaamini injini bado ya baridi, inazidisha mafuta, na fundi asiyejua anakwenda kupunguza namba kwenye jedwali. Siku soketi ikisafishwa, gari linakosa mafuta. Umetibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Nega, zile waya za kurudishia umeme, ni hivyo hivyo. Nega za sensa zirudi kwenye boksi, kwenye mguu wake maalumu. Nega za nozeli na koili ziende kwenye bloku ya injini. Msizichanganye, na msifunge nega ya sensa kwenye bodi kwa sababu tu kuna bolti karibu. Hapo sina la kuongeza.

Sasa niwape kosa langu.

Kabla ya Celica hii niliwahi kufunga boksi kwenye MR2, Toyota nyingine yenye injini hii hii. Ndani ya disitributa, ile inayogawa moto kwa plagi, kuna gurudumu la meno 24. Disitributa inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo kati ya jino na jino krenki imekwenda nyuzi 30. Humo katikati boksi inakisia. Sensa inayosoma meno ni sumaku iliyozungushiwa waya, inazalisha umeme wake yenyewe jino likipita. Wimbi linapanda polepole, na jino likifika mbele kabisa ya sensa linaanguka ghafla. Ule mwanguko ndio saa ya boksi. Ina waya mbili. Nikazigeuza.

Mngeniuliza, gari liliwaka? Liliwaka! Hapo ndipo penye msiba. Lingekataa kuwaka ningetafuta kosa. Ukigeuza waya, wimbi linapinduka, boksi inashika ule mteremko wa polepole ulio katikati ya meno, na mteremko hauna mahali pamoja: kasi ikiongezeka unahama. Mimi nikaweka taa ya taimingi, ile ya kuonyesha plagi inatoa moto lini, gari likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, nikaona alama imekaa kwenye nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu, nikafurahi, taa nikairudisha kwenye droo.

Laptopu ikaniambia kwenye mizunguko 5,000 na turbo imejaa ninawasha kwa nyuzi 16. Nikaamini. Wiki ya pili mwenye gari akaniita, moshi wa bluu, oili inarudi kupitia kifuniko. Tulipofungua, pistoni ya tatu ile kingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili imekatika, kipande cha ukubwa wa ukucha kiko kwenye sampu. Baadaye nikatoa ile taa kwenye droo, bila mzigo, nikapandisha kasi. Alama ilikuwa inatembea kwenye puli kama siafu. Kwenye 5,000 ilikuwa imetangulia nyuzi 9. Yaani 16 ya kwenye kioo cha laptopu ilikuwa 25 ndani ya injini, moto umewahi mno. Pistoni nililipa mimi, gasketi nililipa mimi, na lawama nilipokea kwa adabu.

Kwenye Celica nilifanya hivi. Nikaiamuru boksi ishikilie nyuzi 10, isiongeze wala kupunguza. Nikapaka alama ya puli rangi nyeupe. Sailensi, 10. Mizunguko 2,000, 10. Mizunguko 4,000, 10. Alama imesimama kama imegandishwa. Ikitembea, zima gari, geuza waya, anza upya. Kabla ya hapo usiniambie habari ya jedwali.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu gari kuzima usiku. Nalo lilitukuta. Mwenye Celica alinipigia: fundi, mchana halina neno, usiku nikiwasha taa na feni ikiingia, linatetemeka, linazima. Wengine wangesema shetani. Nozeli ni kivalvu kinachovutwa na sumaku, na sumaku inahitaji muda kukivuta. Kwa nozeli zile, volti zikiwa 14 ni kama milisekunde 0.9 zinapotea kabla tone halijatoka. Volti zikishuka 12 inapotea kama 1.2. Sailensi nozeli inaamriwa ifunguke milisekunde 2.3 tu kwa jumla. Toa 0.9, mafuta ya kweli ni 1.4. Taa na feni zikivuta volti, umepoteza 0.3 nyingine, karibu sehemu moja kati ya tano ya mafuta yote. Lazima litetemeke. Kwenye boksi kuna jedwali dogo la muda uliokufa kwa kila volti, nami nilikuwa nimeliacha lilivyokuja. Dakika 20 za kazi, na shetani akaondoka.

Haya, laptopu sasa. Kwenye egzosi tuliweka sensa pana ya oksijeni, siyo ile ya kawaida ya kiwandani inayojua mafuta yamezidi au yamepungua tu. Pale hewa inapoyatosha mafuta kamili, kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, tunaita lamda 1. Ukitembea taratibu kwenda Pongwe, lamda 1 inatosha. Turbo ikijaa, nilianza na 0.80, yaani hewa kilo 11.8, na taimingi ya kurudi nyuma. Mafuta ya ziada yanapoza.

Lakini hata hii sensa inadanganywa. Silinda ikimisi, ile petroli haikuungua, na oksijeni yake haikuungua pia. Inatoka yote kwenye egzosi. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni, inapiga kelele mafuta machache! Fundi anaongeza mafuta, plagi inalowa zaidi, inamisi zaidi. Nimemkuta mtu ameongeza hadi gari linatoa moshi mweusi na sensa bado inalalamika. Tatizo lilikuwa waya wa plagi. Egzosi ikivuja kabla ya sensa, uongo ni ule ule. Ni viatu vya wapita njia vimehesabiwa.

Mimi sina daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari. Kazi ya mzigo tuliifanya kwenye njia ya ndani ya shamba la katani, kwa ruhusa ya mwenye shamba, asubuhi, dereva mmoja na mimi na laptopu. Barabara ya Segera kuna malori na bodaboda na watoto wa shule. Atakayetuni pale asiseme alijifunza kwangu. Kugonga kwa injini, yaani petroli inapolipuka yenyewe ndani ya silinda, nilikusikiliza kwa kibomba cha shaba, mwisho mmoja umepondwa na kufungwa kwa bolti kwenye bloku, mwingine una mpira hadi kwenye kizibo cha masikio. Silinda ya milimita 86 hugonga karibu na kilohazi 6.7, mlio kama changarawe kwenye bati. Nikaongeza taimingi nyuzi moja moja. Gari likiacha kuongeza nguvu, nilisimama, hata kama halijagonga.

Na mwenye gari alitaka presha zaidi. Mizunguko 6,000, mzunguko mzima wa kazi una milisekunde 20. Rekodi ikaonyesha nozeli zinafunguka 17.5. Karibu hazipati nafasi ya kufunga. Nikamwambia kaka, hapa hakuna namba ya kubonyeza, hapa ni nozeli kubwa na pampu, au tubaki tulipo. Tukabaki.

Wale wanaotaka egzosi ilipuke papapa wakiachia mafuta, swali lenu nimeliona kwenye karatasi. Inawezekana. Unachelewesha moto, petroli inaungulia kwenye turbo badala ya kwenye silinda, na turbo inapikwa. Mimi siifanyi, na wala si kwa ajili ya turbo. Nyumba za Ngamiani zimepakana ukuta kwa ukuta, na bibi zangu wako kwenye sala ya isha.

Nimeongea mno na jua linazama. Celica iko nje, injini bado ya moto. Nimegeuza zile waya mbili makusudi kabla hamjaingia, na boksi nimeishikisha nyuzi 10. Mzee wangu, wewe wa kabureta, shika taa. Nani ana chaki?