Kujitolea kwa Leseni

ZUBERI: Karibuni tena. Leo tuko Marekani, jimbo la Virginia. Mtu anajitolea kuokoa wenzake kwenye ambulensi bila malipo, halafu jimbo linamwambia lete cheti kwanza. Cha nini?

MWANAIDI: Kaka Zuberi, hata hatujakaa vizuri ushachukua upande.

ZUBERI: Nisikilize kwanza, dada. Mji wa Roanoke, hukohuko Virginia, mwaka 1909, mtoto aitwaye Julian Stanley Wise anaona wanaume wawili wakizama mtoni baada ya mtumbwi wao kupinduka. Mwaka 1928 anawakusanya wenzake wa kazini, watu wa reli, wanaunda kikosi cha uokoaji cha kujitolea. Hawakungoja kibali cha mtu.

MWANAIDI: Ndiyo, lakini walijifunza huduma ya kwanza kabla ya kumgusa mtu. Shida ilikuwa kwa wengine. Ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 1966 ilikuta karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini zinaendeshwa na wenye kampuni za mazishi, wapatao 12,000. Unajua kwa nini? Magari yao ndiyo yaliyoweza kumbeba mtu akiwa amelala.

ZUBERI: Kwa hiyo gari linakuja kukuokoa, na ukikata roho njiani…

MWANAIDI: Hata halibadilishi dereva!

ZUBERI: (anacheka) Haya, hapo nimekubali.

MWANAIDI: Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Usalama wa Barabara Kuu, majimbo yakasukumwa kuweka viwango vya huduma za dharura. Leo Virginia kazi hiyo iko chini ya Idara ya Afya ya jimbo. Kikosi kina leseni yake, gari lina kibali chake, na anayekaa nyuma na mgonjwa ana cheti chake.

ZUBERI: Na mkaguzi anaweza kutokea bila taarifa.

MWANAIDI: Ndiyo, na mimi hapo namuunga mkono kabisa. Anafungua milango ya nyuma, anatazama mtungi wa oksijeni una kiasi gani, anawasha mashine ya kufyonza matapishi aone kama inavuta, anasoma tarehe kwenye dawa. Mgonjwa aliyelala kwenye machela hawezi kukagua vitu hivyo. Lazima mtu amkagulie mapema.

ZUBERI: Gari sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni saa. Kozi ya ngazi ya EMT, ile ya msingi ya kuhudumia wagonjwa kwenye ambulensi, inakula saa 150 au zaidi. Halafu cheti kina mwisho, unarudi tena darasani. Huyu mtu ana kazi ya mchana na watoto nyumbani. Mji mkubwa utaajiri watu wa mshahara. Kijijini, wajitoleaji wawili wakichoka, simu ya usiku itapokelewa na kikosi cha mbali.

MWANAIDI: Ukipunguza saa, nani anaumia? Huyohuyo wa kijijini, maana hospitali iko mbali naye. Anakaa na huyo mjitoleaji ndani ya gari muda mrefu kuliko mtu wa mjini.

ZUBERI: Basi jimbo ligharamie, na darasa liwafuate walipo.

MWANAIDI: Hapo tuko pamoja. Virginia wana ada ndogo kwenye usajili wa magari, na sehemu yake inarudi kwa vikosi kama ruzuku. Lakini ruzuku inanunua vifaa na kulipia kozi, haikununulii jioni yako.

ZUBERI: Umeona sasa!

MWANAIDI: Nimeona. Ila cheti kinamlinda mjitoleaji mwenyewe pia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 inamkinga mjitoleaji wa shirika lisilo la faida asidaiwe fidia kwa kosa la kawaida akiwa kazini. Lakini kama jimbo linataka cheti kwa kazi hiyo, kinga inamhusu aliye nacho tu.

ZUBERI: Asiye nacho?

MWANAIDI: Asiitegemee sheria hiyo. Na uzembe uliokithiri haukingwi, hata uwe na vyeti ukuta mzima.

ZUBERI: Na dereva akigonga gari la watu akikimbiza mgonjwa?

MWANAIDI: Ajali ya gari imetolewa kwenye kinga hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kujiunga na kikosi, kabla ya kuuliza habari za kozi namwambia akaulize bima ya gari analipa nani.